Sheria ya Upya na Shati la Marehemu Shomari

Nchi ninayoisimulia iko mbali sana na hapa, ndiyo maana naisimulia bila wasiwasi. Msomaji akihisi kwamba aliwahi kupita katika mitaa yake, au kwamba waziri wake mmoja anafanana na mtu anayemfahamu, basi ni macho yake tu, akayapime. Mimi nasema niliyoyasikia, na niliyasikia kwa watu waaminifu, wengine wao wamo serikalini.

Nchi hiyo ilikuwa na kiwanda kimoja cha nguo. Kilitoa mashati meupe, kanga, vitambaa vyeusi vya suruali na sketi, na drili ya makoti. Serikali ikaona kinapiga kelele nyingi, ikakibinafsisha. Aliyekinunua alikuwa shemeji yake Waziri wa Mavazi, jambo ambalo lilikuwa bahati tu, naye akazitoa mashine akazipeleka anakokujua mwenyewe, akapaka kuta rangi ya waridi, kikawa ukumbi wa harusi. Baadaye ikagunduliwa kwamba mitumba nayo inalidhalilisha taifa, ikapigwa marufuku bandarini. Basi nguo zikawa hazitoki kiwandani wala hazishuki melini, na kila mwananchi akabaki na alizokuwa nazo. Maharusi walipata ukumbi mzuri sana, ila magauni waliazimana.

Sasa, katika redio ya taifa kulikuwa na mtangazaji aitwaye Siwema Mbaruku, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mcheshi, ambaye kipindi chake kiliitwa "Lile Lile". Alikuwa akiwafundisha watu namna ya kuvaa nguo zao za siku zote zikawachangamsha. "Shati jeupe ni wali, jamani," alikuwa akisema. "Umeona nani anachoka wali? Watu huchoka mchuzi mmoja." Kisha angewaeleza: leo kunja mikono mpaka juu ya kiwiko, kesho funga vifungo mpaka shingoni na uchomeke hereni iliyopoteza mwenzake pale kwenye kola. Kanga iliyochujuka ifunge kiunoni juu ya sketi nyeusi, pindo lionekane. Koti la marehemu baba livae mabegani bila kuingiza mikono, utembee kama mwenye mji. Shati lililofubaa lichovye kwenye chai ya rangi, litoke kama maziwa ya ngamia. Wasikilizaji walimpenda, kwa sababu alikuwa anazipenda nguo zenyewe na hakuwacheka wenye nguo chache.

Siwema hakulelewa na mama yake. Alilelewa na shangazi yake, Mwanakombo, na mume wa shangazi, Shomari, aliyekuwa tarishi wa posta. Shomari alikuwa amefariki katika mvua za mwaka uliopita. Tangu hapo shangazi akitoka nje huvaa shati jeupe la marehemu juu ya gauni lake, vifungo vyote vimefungwa, mikono imeteremshwa hadi viganjani, na mfukoni lina doa la wino wa kalamu iliyovuja zamani. Siwema alipomwona hivyo mara ya kwanza alitaka kumwambia alitie mkanda kiunoni. Akamwangalia usoni, akaacha.

Siku moja Siwema aliitwa na Waziri wa Mavazi, Mheshimiwa Mwinyigogo.

"Binti yangu," Waziri alisema, akimkaribisha kiti, "nchi iko katika hatari. Kuna watu wanapita wanasema hatuna nguo."

"Mheshimiwa, kwani tunazo?"

Waziri alicheka kwa upendo. "Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba tunazo! Mke wangu hakosi kipindi chako. Shati moja, sura elfu. Mwananchi mwenye shati moja, kwa hesabu yako, ana mashati elfu. Sisi ni nchi tajiri kuliko jirani zetu wote."

"Mheshimiwa, mimi nilikuwa nawapa moyo tu mpaka kiwanda kirudi."

"Kirudi wapi? Ukumbi umeshapangishwa mpaka mwaka kesho kutwa." Waziri akasogeza kiti karibu. "Nataka uwe Mkurugenzi wa Upya wa Taifa. Ofisi, gari, dereva. Utawapa moyo wananchi wote kwa mpigo."

Siwema aliona kuna kitu kinachomchoma katika maneno yale, kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo. Lakini gari lilikuwa limeegeshwa pale chini ya dirisha, jeusi, linang'aa, na katika maisha yake yote alikuwa mtu wa kutembea kwa miguu. Akakubali.

Sheria ya Upya ilipitishwa bungeni kwa makofi. Ilisema kwamba kila raia atavaa nguo zake zilezile, kwa kuwa hakuna nyingine, ila ni marufuku kuzivaa jinsi alivyozivaa jana. Anayekiuka ametenda kosa la kurudia, na atapelekwa Chuo cha Upya akafunzwe. Wakaguzi walisambazwa masokoni na kwenye vituo vya mabasi. Siku ya uzinduzi Waziri alihutubia umati uwanjani juani.

"Ndugu wananchi! Maadui zetu wanasema mko uchi. Nawaangalia hapa, sioni aliye uchi! Kama yupo, ajitokeze!" Hakujitokeza mtu. "Mmeona? Uongo umeumbuka! Kuanzia leo, badili kifungo, usije ukapata kifungo!"

Watu walicheka, kwa sababu maneno yalipangika vizuri, na kwa sababu walifikiri anatania.

Sheria ilileta maendeleo haraka. Hakimu mmoja aliahirisha kesi ya wizi wa ng'ombe baada ya kugundua kwamba mshtakiwa amevaa kanzu kama alivyoivaa kikao kilichopita. Akamhukumu kwa kanzu, ng'ombe wakasahauliwa, na mwizi akawatuma ndugu zake wakamshukuru. Katika hospitali kuu, mganga mkuu aliipenda falsafa hiyo, akawaagiza wauguzi wayapange upya maboksi matupu ya dawa kila Jumatatu. Wagonjwa wenyewe walikiri kwamba kabati halikuchosha macho. Bunge nalo halikubaki nyuma: hotuba ya bajeti ilisomwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo, na wabunge wengi walisema wameielewa kuliko miaka yote.

Siwema alikuwa akipita mitaani ndani ya gari lake na kuwaona watu wamevaa mashati mgongo mbele, tai kiunoni, kanga kichwani mpaka machoni. Mwanzoni alifurahi. Kisha akaanza kutazama nyuso badala ya nguo, na nyuso hazikuwa zimebadilika kuwa nzuri.

Asubuhi moja mwanamke mfagia barabara alilisimamisha gari kwa ufagio. Alikuwa na sketi nyeusi moja, ameikunja upande.

"Mama Siwema, Mungu amekuleta," alisema kwa furaha. "Nimekunja kushoto, nimekunja kulia, nimegeuza ndani nje. Nimemaliza mikunjo yote. Nieleze, kesho nifanye nini?"

Siwema alifikiri. Mtu aliyeijua sketi nyeusi kuliko yeyote nchini alipata wazo moja tu. "Hamisha vifungo, dada."

"Haina vifungo. Nimeifunga kwa kamba."

"Basi... badilisha kamba."

Mwanamke alishukuru, akarudi kufagia. Siku chache baadaye barabara ile ilikuwa na takataka, na Siwema hakuuliza mfagiaji yuko wapi. Alimwambia dereva apitie njia nyingine. Tangu hapo kila alipopita njia ile nyingine alijisikia kama aliyeiba kitu dukani na mwenye duka bado anamwita dada.

*

Ikaja Sikukuu ya Upya. Iliadhimishwa katika ule ukumbi wa harusi, na televisheni ilionyesha moja kwa moja. Jambo kubwa la siku hiyo lilikuwa kwamba waliokamatwa kwa kurudia watapandishwa jukwaani, na Mkurugenzi mwenyewe, kwa mkasi na cherehani, atazipa nguo zao uhai mpya mbele ya taifa.

Mkaguzi Mkuu, bwana mmoja mrefu aitwaye Chongoe, alikuwa akiwaita mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mwanajeshi mstaafu na koti lake. Siwema aliligeuza kola, watu wakapiga makofi. Wa pili alikuwa mwalimu. Wa tatu akapanda taratibu, akishikilia reli ya ngazi, na Siwema akauona ule mfuko wenye doa la wino kabla hajaiona sura.

"Shangazi," alinong'ona. "Umefikaje hapa?"

"Kwa lori," alisema Mwanakombo. "Walinikuta sokoni nachagua bamia."

"Ungekunja mikono tu, shangazi. Mkunjo mmoja wangekuacha."

"Yeye hakukunja mikono, mwanangu. Alikuwa na kovu alipong'atwa na mbwa wakati anapeleka barua, akilionea haya. Maisha yake yote hakulionyesha. Sasa mimi nikamfunulie baada ya kufa?"

Waziri, aliyekaa kiti cha mbele, aliinama kidogo. "Kuna tatizo, Mkurugenzi?"

"Mheshimiwa, huyu ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea."

"Vizuri kabisa! Taifa lione kwamba sheria haina shangazi."

"Naomba shati hili liachwe. Ni la marehemu."

Waziri aliigeukia kamera akatabasamu, na bila kulegeza tabasamu akasema kwa sauti ya chini, "Ukimwachia shangazi yako, kesho nchi nzima itakuwa na mashangazi. Kata, binti yangu. Tuko hewani."

Angeweza kukataa. Hata mimi, ambaye sina ugomvi na viongozi wa nchi ile, siwezi kulipindisha hilo. Mkasi ulikuwa mkononi mwake, hakuna aliyemshika mkono, wala hakuna aliyemtishia ila kwa tabasamu. Shangazi alimtazama kitambo, kisha akaanza kufungua vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, akalivua shati, akabaki na gauni lake. Akamkabidhi.

Siwema alikata mikono. Akakata kola. Na hapa ndipo pabaya kuliko pote, kama yeye mwenyewe alivyokuja kusema baadaye: mara mkasi ulipoingia, mikono yake ilinogewa. Kilikuwa kitambaa kizuri, cha enzi za kiwanda, kinakatika kama mkate wa kumimina. Kwa muda alimsahau shangazi yake, akaona kitambaa tu. Aliipanua shingo, akaibana mbavu, akaung'oa mfuko kifuani akaushonea nyongani, doa la wino likakaa kama ua. Alipoliinua, ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Lilikuwa shati zuri kuliko yote aliyowahi kuyashona.

Mwanakombo alivishwa. Akajitazama kwenye kioo kikubwa kilichokuwa cha maharusi.

"Limependeza," alisema, akashuka jukwaani.

*

Alasiri ya siku ya pili Siwema alikwenda kwa shangazi yake. Alimchukulia sukari, mchele na jozi ya kanga ambazo hazikuwa zikipatikana popote ila kwa wakurugenzi. Shangazi alimkaribisha, akapokea vitu, akampa maji ya kunywa. Hakununa, na kwa kuwa hakununa Siwema hakupata pa kuanzia. Shati lilikuwa limekunjwa juu ya kiti.

"Shangazi, mbona hulivai?"

"Nilijaribu asubuhi." Mwanakombo aliliangalia lile shati kama mtu anayeangalia mgeni aliyekosea nyumba. "Lilikuwa na shingo yake. Sasa lina shingo yangu."

Siwema aliondoka pale moja kwa moja mpaka ofisini, akamwita Chongoe.

"Ile mikono na kola tuliyokata jana, viko wapi? Vyote, nileteeni. Nitavishona tena."

Chongoe alisimama wima. "Vimechomwa, Mkurugenzi. Mabaki yote huchomwa jioni ileile, watu wasije wakayatumia kurudia."

"Nani alitoa amri ya kipumbavu namna hiyo?"

Chongoe alitazama viatu vyake. Alikuwa mtu mpole kwa mkaguzi. "Wewe, Mkurugenzi."

Na ilikuwa kweli. Alikumbuka: alikuwa anakunywa chai, mtu akamuuliza, akasema chomeni.

Kesho yake Siwema alivaa shati jeupe na sketi nyeusi, vifungo vyote vimefungwa, mikono imeteremshwa, hana hereni wala mkanda. Aliwaambia wasikilizaji wake redioni, ambako kipindi chake kilikuwa bado kinaendelea, kwamba leo hana jipya. Siku iliyofuata alivaa hivyo hivyo, akasema hivyo hivyo. Mwanzoni watu walidhani ndiyo mtindo mpya. Wake wa mawaziri walianza kushusha mikono. Katibu wa wizara aliisifu hatua hiyo kuwa ya kimapinduzi, upya usio na upya. Lakini siku zilipozidi kupita, na Siwema akapita mlangoni mwa wizara vilevile, hata walinzi wakaanza kutazama pembeni.

Mwishowe Chongoe alimngoja kwenye ngazi akiwa na wenzake.

"Mkurugenzi," alisema, jasho likimtoka, "naomba radhi. Nadhani unarudia."

"Narudia."

"Sasa kuna ugumu. Kumkamata ofisa wa serikali kwa kurudia, sharti nipate kwanza idhini ya Mkurugenzi wa Upya kwa simu."

"Basi mpigie."

Chongoe alibonyeza namba. Simu ikalia ndani ya mkoba wa Siwema. Wote wakausikiliza mlio ule kwa heshima, kisha Siwema akaufungua mkoba, akapokea.

"Haloo, Mkurugenzi?" alisema Chongoe, akigeuka kidogo upande ili asionekane anaongea na mtu aliye mbele yake. "Shikamoo. Tuna mama mmoja hapa, mtu mzito, amekuwa akirudia. Tumwachie?"

"Marahaba. Hana shangazi wa kumtetea?"

"Sijui, Mkurugenzi."

"Anaye, lakini alimkatia shati. Mkamateni."

Chongoe alikata simu. "Anasema ukamatwe," alieleza kwa huzuni, akamfungulia mlango wa lori.

*

Chuo cha Upya kilikuwa katika maghala ya zamani ya pamba. Siwema aliwakuta humo watu aliokuwa akiwafikiria bila kuwaona: wajane wengine wawili, mtawa mmoja, kinyozi aliyesema nguo zake zinampendeza hivyo hivyo, na yule mwanamke mfagia barabara, ambaye hakuwa na kamba ya pili.

"Mama Siwema!" alisema yule mwanamke, akamsogezea mkeka. "Nawe umeishiwa mikunjo?"

Siwema alikaa kwenye ule mkeka, akainamisha kichwa, na mfagiaji, akidhani ni uchovu wa lori, akampepea kwa ncha ya sketi.

Kila asubuhi vipaza sauti viliwaamsha kwa kipindi cha "Lile Lile", cha zamani, cha miaka ile alipokuwa anacheka kwa moyo. "Shati jeupe ni wali, jamani!" Wanachuo walitakiwa kuitikia. Siwema aliisikiliza sauti ile na kuionea wivu. Ulipofika mtihani wa kutoka, mtahini alimpa shati amweleze namna saba za kulivaa. Akasema namna moja tu: avae mwenyewe anavyotaka. Mtahini akampa sifuri na kumshauri amsikilize zaidi Siwema.

Serikali ilibadilika mwaka huohuo, kwa maana kwamba mawaziri walibadilishana viti. Mheshimiwa Mwinyigogo alipelekwa Wizara ya Maji, ambako alitangaza kwamba mabomba yasiyotoa maji yana uwezo mkubwa wa kutoa hewa. Waziri mpya wa Mavazi aliifuta Sheria ya Upya, akalaani ukatili wake, akaleta Sheria ya Msimamo, inayomtaka kila raia avae leo kama alivyovaa jana, milele. Wanachuo wakaachiwa huru kwa mbwembwe. Langoni Waziri mpya alimpa Siwema mkono mbele ya kamera.

"Wewe ni shujaa wa kurudia. Nakuomba uwe Mkurugenzi wa Msimamo. Ofisi ni ileile. Gari ni lilelile."

Dereva alikuwa amekwisha kufungua mlango. Siwema alilitazama gari, akamtazama mfagiaji aliyekuwa akifunga kamba yake tayari kwa safari.

"Mheshimiwa," alisema, "mtafute mtu ambaye bado hajamkosea mtu."

"Wa namna hiyo hatunao wizarani," alisema Waziri, na sidhani kwamba alikuwa anatania.

Wakatembea kwa miguu, yeye na yule mwanamke, mpaka njia panda, wakaagana. Jua lilikuwa linaelekea magharibi Siwema alipopiga hodi kwa shangazi yake.

Mwanakombo alifungua. Alikuwa amevaa dera, na alikuwa amekonda kidogo. Walitazamana. Siwema alipiga magoti palepale kizingitini, mbele ya majirani waliokuwa wanachambua mboga.

"Shangazi, sikuja na kitu. Nimekuja kukuomba unisamehe. Nilijua ni shati la nani, na nilikata. Na nilipokuwa nakata nilifurahi."

Majirani waliacha kuchambua. Mwanakombo alijifuta mikono kwenye dera.

"Nilikuona," alisema. "Ulikuwa umetoa ulimi pembeni, kama ulipokuwa mdogo unamshonea mwanasesere. Hilo ndilo lililoniuma. Nilimwona mtoto niliyemlea, anafurahi, nami sikuweza kukuchukia vizuri."

"Nichukie, shangazi."

"Nitakuchukia nikipata nafasi. Inuka, unaziba mlango."

Siwema aliinuka. Ndani mlinukia nazi na bizari.

"Msamaha haujaiva, mwanangu," alisema shangazi, akimtangulia. "Wali ndio ulioiva. Nawa mikono tule."

Palikuwa na ndoo na kata pembeni ya mlango. Siwema alichota maji akanawa viganja, akanawa vidole kimoja kimoja, akapanda mpaka kwenye viwiko, akachota tena, akaanza upya. Shangazi, ambaye alikuwa amekwisha kupakua, alimvumilia kwa muda.

"Basi, Siwema," alisema mwishowe. "Maji nayo yana Waziri wake siku hizi. Njoo ule na mikono yako hivyo hivyo."